Fagio la Bonge

Niliipiga rimoti pajani mara mbili, nikabonyeza, na runinga ikanyamaza. Picha iliendelea kama kawaida. Bonge alisimama upande wa kushoto, tumbo limemwagika juu ya mkanda, na Kimbaumbau wangu alikuwa kulia akirukaruka kwa miguu yake myembamba, ila sasa hakuna hata mmoja aliyetoa sauti. Pembeni yangu, Seni Mihayo aliinamisha kichwa na kusogeza sikio la kushoto mbele kidogo, kama mtu aliyedhani ameitwa na hana hakika. Vidole vyake vilikaa juu ya pedi ya gemu bila kubonyeza kitu.

"Spika imeungua tena," nilisema.

Kila mtu aliniamini, maana spika ile ilikuwa na tabia hiyo. Bwana Filemoni, mgeni wetu kutoka Mbeya, alipunga mkono wake wenye saa kubwa. "Endeleeni tu. Ngumi ni macho."

Katika banda lile lililojaa watu hadi mlangoni, ni mimi peke yangu niliyejua kwamba Seni hakuwa na macho ya kuonea ngumi. Aliniambia mwenyewe. Kwa miaka mingi nimejaribu kujidanganya kwamba mkono ulijiendea, kwamba nilipitiwa. Hapana. Nilibonyeza nikijua.

Ilikuwa miaka minane iliyopita. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na minne, stashahada ya kompyuta, na rundo la barua za kuomba kazi ambazo hakuna aliyewahi kuzijibu. Miaka miwili kabla ya hapo nilikuwa nimetoka kwetu Kalenga nikaenda Chimala kwa shangazi Matilda, dada yake baba, aliyekuwa akiuza mchele kando ya barabara kuu. Ubavuni mwa stoo yake alikuwa amefungua banda la gemu: mabati, mabenchi manne, na runinga moja kubwa iliyochoka. Rimoti ya runinga hiyo haikukubali kufanya kazi mpaka uipige kwanza pajani, pa, pa, ndipo ikuelewe. Shangazi alinikabidhi siku ya kwanza. "Haya, msomi, ofisi yako hii," alisema, akacheka mpaka akakohoa.

Gemu lililopendwa kuliko yote lilikuwa la ngumi. Watu wawili wanashika pedi, kila mmoja na mpiganaji wake, na aliyefungwa anapisha mwingine. Wapiganaji walikuwa na majina ya kigeni ambayo hakuna aliyejisumbua nayo; tuliwabatiza upya. Mimi nilimchagua Kimbaumbau, mwembamba, mwepesi, mwenye mapigo mengi kuliko wote. Ukiyaunganisha mapigo hayo kwa mpangilio unapata kombo, na kombo nzuri inamwacha mwenzako ananing'inia hewani huku unamtwanga mara tisa kabla hajagusa chini. Nilizijua kombo arobaini na mbili. Nilizichora kwenye daftari gumu, mishale na namba, nikazisoma kitandani kama mtu anayengoja mtihani wa taifa. Naona haya kusema, lakini daftari lile ndilo kitu pekee nilichowahi kukisoma kwa moyo wote. Ya chuoni nimeyasahau. Kombo nazikumbuka mpaka leo.

Basi ndipo akaja Seni.

Alikuwa Msukuma, mrefu, wazazi wake walishuka na ng'ombe hadi bonde la Usangu kabla hajazaliwa. Aliegemeza fimbo yake mlangoni, akaingia, akakaa benchi la mbele kabisa, karibu na spika. Mjini pale watu walikuwa wakimsema kwamba anaringa. Unakutana naye njiani, unamwinulia mkono, yeye anatazama pembeni ya sikio lako na kupita zake. Alimchagua Bonge, ambaye hakuna mtu aliyekuwa akimgusa kwa sababu ni mzito na mapigo yake ni machache. Na katika hayo machache, Seni alitumia moja tu: Bonge anachuchumaa na kuzungusha mguu chini chini, anakuchota vifundo vyote viwili. Tuliliita fagio. Anakinga, anakinga, anakinga, halafu fagio. Unaanguka. Unainuka, unajipanga, unaanza kombo yako ya maana, fagio.

Siku ya kwanza alinifunga nikacheka. Siku ya pili nikacheka kidogo. Baada ya mwezi mmoja nilikuwa nakwenda kulala na hasira, nafungua daftari, naandika kombo ya arobaini na tatu ambayo nayo kesho yake ilifagiwa kama zile nyingine.

"Huo ni mchezo wa kishamba," walilalamika waliokuwa wakifungwa, yaani sisi sote. Wengine walitaka fagio lipigwe marufuku, nami nikawaunga mkono haraka kuliko ilivyofaa. Shangazi Matilda alitusikiliza huku akipembua mchele kwenye ungo, akatushangaa.

"Si pedi zote zina vitufe sawa? Mwenzenu anatumia kimoja anawafunga. Sasa hivyo vyenu vingi vina kazi gani?"

Nilimuuliza Seni mwenyewe mara moja, tukiwa tumebaki wawili. "Kwa nini hujifunzi pigo jingine?"

Alifikiri. Hakuwa mtu wa kukurupuka kujibu. "Sasa nijifunze mengine ya nini, Kamwene, na hili bado sijalimaliza?"

Kamwene ni salamu ya kwetu Iringa, na hapo Chimala wengi waliwatania watu wa kwetu kwa kuwaita hivyo. Kwa Seni lilikuwa jina langu. Hakuwahi kuniita kwa jina langu halisi, Kalinga.

Siri yake niliipata Jumapili moja, umeme umekatika, tumekaa ukingoni mwa mfereji unaopeleka maji mashambani. Simu yake ililia ujumbe, akanipa nimsomee. Nikamtania kwamba kumbe shule alipita dirishani. Hakucheka. Aliniambia kwamba kusoma anajua, ila sasa ni mwaka wa tatu macho yanamwisha, na yanaisha kuanzia katikati. Pembeni anaona: ukingo wa njia, miti, miguu ya watu. Anapokitazama kitu chenyewe, hapo hapo panakuwa na tundu. Uso wangu hakuwahi kuuona. Kule hospitali walikompima walimwambia miwani haitasaidia.

"Na ng'ombe unachungaje?"

"Nawasikia. Mzee anadhani nawahesabu kwa macho. Ng'ombe akitaka kukutoroka, kuna namna anavuta pumzi. Kila mmoja namjua kwa mwendo wake." Alitupa kijiwe majini, akasikiliza kilipoangukia. "Na wewe hivyo hivyo. Kimbaumbau wako kabla hajaruka anasugua kiatu. Kabla ya teke anapumua puani. Halafu anapotua, kisigino cha kulia kinatangulia. Hapo ndipo napiga."

Umeme uliporudi niliwasha gemu peke yangu nikaweka sikio kwenye spika. Ni kweli alichosema. Chini kabisa ya muziki na kelele za mapigo kulikuwa na msuguo mdogo wa kiatu, na mvumo wa pumzi, na visigino viwili vinavyotua kimoja baada ya kingine. Nilikuwa nimecheza na mpiganaji yule miaka miwili, nina daftari zima juu yake, na sikuwahi kumsikia akipumua. Nilisimama pale nikijisikia mjinga, na ujinga huo ukageuka polepole kuwa kitu kingine ambacho sikukipa jina. Sasa nalijua jina lake. Ni wivu.

"Usimwambie mtu," Seni alikuwa ameniomba. "Mzee akijua, mimi si mtu tena pale nyumbani." Nikaapa. Na kwa kweli siri hiyo niliitunza vizuri sana.

Mwaka ule malisho yaliisha. Mzee Mihayo, baba yake Seni, alikuwa ameamua kwamba baada ya mavuno watahamisha ng'ombe wote, wapakiwe kwenye malori hadi kusini, mkoa wa Lindi, kwenye mapori ambayo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuyakanyaga. Seni ndiye kijana wake mkubwa, kwa hiyo ndiye angetangulia na kundi kule porini. Alinieleza habari hizo bila kupandisha sauti. "Huku kila shimo nalijua, kila mti. Huko sijui korongo liko wapi, mto uko wapi. Nitajulia kwa kutumbukia."

Wiki hiyo hiyo akatokea Bwana Filemoni. Alikuwa na mabanda ya gemu mjini Mbeya na sasa alitaka msimamizi wa banda jipya la Mwanjelwa: mshahara, na chumba cha kulala nyuma ya banda. Hakutaka kuangalia vyeti. Alitaka mtu ambaye wachezaji watamheshimu, na kwa akili yake mtu huyo ni yule atakayewafunga wengine wote. Akatangaza shindano Jumamosi saa nane mchana, hapo hapo kwa shangazi.

Seni alikuja asubuhi ya siku hiyo kabla watu hawajafika. "Kamwene, hiyo kazi naitaka. Kukaa ndani, kusikiliza nani anacheza nini. Hiyo naiweza mpaka nife."

"Na mimi naitaka," nilisema.

"Najua. Basi tucheze."

Hakuniomba nimwachie. Laiti angeniomba, labda ningekataa kwa hasira, tukagombana, nikashindwa kihalali na mambo yakaishia hapo. Alinipa mkono akaenda kukaa kwenye benchi lake la mbele.

Mpaka saa kumi tulikuwa tumebaki yeye na mimi. Wa kwanza kufikisha raundi tatu ndiye mshindi. Banda lilikuwa kimya, kwa sababu shangazi Matilda alikuwa na amri moja tu siku za mashindano, kwamba anayepiga kelele anatoka nje na harudi. Nilishinda raundi ya kwanza kwa kombo ya kumi na saba, na watu wakanong'ona kwa kustaajabu. Raundi ya pili akanifagia. Ya tatu akanifagia vibaya zaidi, nikiwa sijamgusa hata mara moja, na nikasikia mtu nyuma yangu akiguna, "Huyu bwana hatari." Bwana Filemoni alikuwa ameinama mbele, anamtazama Seni kwa macho ya mtu aliyekwisha kuamua. Mimi nikalitazama daftari langu pale juu ya meza. Nikaona miaka yangu miwili, arobaini na tatu zote, zinafutwa na mtu anayebonyeza kitufe kimoja.

Rimoti ilikuwa mapajani mwangu kama siku zote. Pa, pa.

Nilijua pia jambo la pili, na hili ndilo linaloniamsha usingizini mpaka leo. Nilijua kwamba hawezi kulalamika. Mtu akisema hachezi bila sauti, wataanza kumuuliza anacheza na nini. Na nani angemwajiri msimamizi asiyeona? Na nani angezuia habari isimfikie Mzee Mihayo kabla jua halijazama?

Raundi ya nne ilikuwa fupi. Bonge alikinga mahali ambapo hapakuwa na pigo. Akapiga fagio, mguu ukapita hewani patupu. Akapiga tena. Mtu akashindwa kujizuia akacheka, "Bonge anafagia uwanja!" na safari hii shangazi hakumtoa mtu, kwa sababu hata yeye alikuwa anacheka. Sikutumia kombo. Sikutumia hata moja. Nilimsogelea nikampiga ngumi moja ile ile ya kifuani, nikarudi nyuma, nikampiga tena ile ile, mpaka akaisha. Raundi ya tano nikafanya hivyo hivyo. Mimi niliyewaita wengine washamba nilishinda kazi kwa kitufe kimoja, mara nyingi mfululizo, dhidi ya mtu aliyekaa gizani.

Seni alipapasa benchi, akaiweka pedi taratibu kana kwamba inaweza kuvunjika. "Umeshinda, Kamwene," alisema. Akaenda mlangoni, akaipata fimbo yake kwa mpapaso wa kwanza, akatoka.

Malori ya ng'ombe yaliondoka Chimala majuma matatu baadaye. Nilisimama mbali. Mama yake, Mbuke, alikuwa akipandisha sufuria na magodoro, na Seni alikaa juu kabisa ya mizigo, uso ameuelekeza upande wangu, lakini kwa macho yake hiyo haikuwa na maana yoyote. Sikwenda kumuaga.

Mwanjelwa nilikaa miaka miwili. Kazi yenyewe, kusema ukweli, niliichukia. Kila jioni nikirudi kwenye kile chumba cha nyuma nilikuwa nasikia jinsi kinavyosikika: mabati, mvua, pedi zinavyolia, watu wakibishana nani zamu yake. Ni chumba kilichojengwa kwa ajili ya masikio ya mtu mwingine. Halafu kila mtu akawa na gemu kwenye simu yake, wateja wakapungua, Bwana Filemoni akauza runinga zote kwa siku moja. Nikarudi Iringa, nikajifunza ufundi wa simu na redio, nikafungua kimeza changu karibu na soko.

Juni iliyopita, mama mmoja mwenye mtoto mgongoni aliniletea redio ndogo ya betri. Kitufe cha sauti kilikuwa kimelegea, inakwaruza tu. "Naomba iwahi, fundi. Ni ya kaka yangu, haoni, bila redio anakaa kama gogo."

Nilichukua kalamu. "Niandike jina gani?"

"Andika Yudith. Au andika la mwenyewe, Seni."

Nilimwambia asijisumbue kurudi, nitaileta mwenyewe. Akanielekeza nyumba yao, Ipogolo, chini kule darajani, alikokuwa ameolewa. Kazi ya dakika ishirini ilinichukua siku tatu, kwa sababu kila nilipoifungua redio ile mikono yangu ilikataa.

Alikuwa amekaa uani kwenye kigoda, saa nne asubuhi, juani. Amekonda. Mguu wa kulia ulikuwa umenyooka mbele yake kama umegongomelewa, na gongo lilikuwa ukutani. Nilikuwa bado hatua tano kabla sijamfikia, sijasema neno.

"Kamwene," alisema.

Yudith alileta kigoda cha pili, akatuachia ua. Seni alinisimulia bila kuulizwa, kama mtu anayesoma tangazo la mtu mwingine. Huko Lindi alidumu kiangazi kimoja. Alitumbukia kwenye korongo akifuata kundi, nyonga ikavunjika, akalala humo siku mbili akiwasikia ng'ombe wakitawanyika mmoja mmoja, na kila mmoja anamjua. Nusu ya kundi haikuonekana tena. Hapo ndipo baba yake alipojua habari ya macho. Mzee Mihayo aliishi miaka minne baada ya hapo na hakumsemesha tena.

"Hata salamu?" niliuliza.

"Hata salamu."

Nilimkabidhi redio. Aliishika, akaipapasa, kidole kikatulia kwenye kitufe nilichokibadilisha. Nilikuwa nimejiandaa na maneno njia nzima, kuanzia sokoni mpaka darajani, na nilipofungua mdomo ukatoka ule ule uongo wa zamani.

"Seni, siku ile ya shindano. Ile spika..."

"Uliipiga rimoti mara mbili," alisema. "Pajani. Halafu ndiyo sauti ikakata."

Jogoo wa jirani aliwika. Yudith alikuwa anasuuza vyombo nyuma ya nyumba.

Bila shaka alisikia. Mtu aliyekuwa akisikia kiatu kikisugua chini ya muziki, angekosaje kusikia rimoti, futi moja kutoka kwenye mkono wake? Miaka minane nilibeba siri ambayo wenyewe tulikuwa wawili.

"Kwa nini hukusema?"

"Kwani wewe hukujua kwa nini?"

Nilisema nilijua. Nilisema pia nisamehe, na nililisema vibaya, nikilia, mtu mzima, na kamasi. Seni hakukunja uso, hakunigusa bega, hakunifukuza. Alisubiri nimalize, kama alivyokuwa akisubiri zamani nimalize kuruka. Kisha akanirudishia redio.

"Hebu washa. Yudith anasema ni wewe uliyeitengeneza, sasa tuone."

Niliwasha. Alikuwapo mtu anasoma bei za mahindi.

"Ongeza," alisema.

Nikaongeza.

"Ongeza."

Nikaongeza tena, mpaka Yudith akachungulia kwenye kona akiwa na sufuria mkononi, mpaka kuku wakasogea mbali. Kidole changu kilikuwa bado juu ya kitufe. Seni aliinamisha kichwa, sikio la kushoto mbele kidogo.

"Ongeza," alisema.